Jamaa na nyumba yake: Karte ndogo, mali kubwa



Mwezi huu sitaanza na fundisho. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa maana mchungaji anayefundisha wengine na kuficha lake ni kama mtu anayefagia uwanja wa jirani na kwake majani yamejaa mlangoni.

Ilikuwa mwaka 2019, Jumamosi jioni. Nilirudi kutoka mkutano wa mashemasi, nimechoka. Nilihitaji wimbo mmoja wa kwaya kwa ibada ya kesho, na karte memwari ya nyumba yetu ilikuwa ndani ya telefone ya mwana wetu, aliyekuwa na miaka 16. Yeye alikuwa amekwisha kulala. Nikachukua telefone, nikafungua. Katikati ya nyimbo za kwaya na mafundisho nikakuta video tatu za aibu. Sitaeleza zilikuwa za namna gani, maana gazeti hili linasomwa na watoto pia.

Hasira ikanipanda. Sikumwamsha mtoto. Sikumwita mama yake. Nilisema moyoni: nyumba ya mchungaji haiwezi kubeba uchafu huu hata usiku mmoja. Nikatafuta pale panapoandikwa kuformata, ndiyo kusema kufuta karte yote mara moja. Telefone ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika sana. Nikabonyeza.

Asubuhi nilimgombeza kijana mbele ya wadogo zake, kisha nikamtuma kwa kijana mwenye ordinatere kule sokoni, ajaze karte ile na mahubiri tu. Akaenda, akajaza. Mimi nikaona nimeshinda vita.

Nyuma ya siku tisa, mwongozi wa kwaya yetu akalala katika Bwana.

Wale waliosali pamoja nasi wanamkumbuka mzee huyu. Alifanya kazi ya mgodi mpaka pensheni, na jioni alitunga nyimbo. Sauti yake ya besi ilisikika mpaka barabarani. Mwaka 2011 vijana wa parokia walirekodi nyimbo zake 43. Walirekodi usiku ndani ya kanisa, wakati ambapo malori yalikuwa yamenyamaza. Wakanipa mimi nyimbo zile nizilinde, kwa kuwa mimi ni mchungaji. Nikaziweka katika karte ya nyumbani. Karte hiyo hiyo.

Kwenye kilio, mama mjane akanitumia mtu: "Baba Pasta alete sauti ya muzee. Tuisikie mara moja tu, mbele ya kumuzika." Nikakimbia nyumbani, nikaleta karte, nikaiingiza katika bafle ndogo ya vijana, mbele ya watu wote. Na sote tukasikia sauti. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ikihubiri.

Nilimwendea mama, nikamweleza yote. Alikaa kimya kwanza. Kisha akasema: "Baba Pasta, mwili wake tunauzika leo. Sauti yake, wee njo uliizika mbele yetu." Nikainamisha kichwa. Akaongeza: "Usilie. Enda utafute."

Tulichopata, na tulichokosa

Nilitafuta. Mpwa wa marehemu anayekaa Likasi alikuwa na nyimbo sita katika telefone yake ya zamani. Kijana mmoja anayetengeneza telefone akatia karte yangu katika ordinatere na programe ya kutafuta vitu vilivyofutwa. Akapata nyimbo kumi na moja, mbili kati yake zimekatika. Jumla 17. Kwa zile 26 zingine, wanakwaya wazee walikaa jioni tisa, wakaimba, wakabishana, wakakumbuka 14. Tumezirekodi tena, lakini kwa sauti zao. Nyimbo 12 hazipo tena. Hakuna anayejua maneno yake chini ya jua hili.

Kijana yule alinieleza jambo ambalo kila jamaa inapaswa kulijua. Unapofuta kitu katika karte, mara nyingi mashini haifuti kitu chenyewe. Inafuta jina lake tu katika orodha yake, na kusema: mahali hapa pako wazi, mwingine anaweza kukaa. Kitu kingali pale, mpaka kitu kingine kije kukalia mahali pake. Kwa hiyo ukifuta kwa kosa, toa karte mara moja, usiingize hata wimbo mmoja, usipige hata picha moja, uipeleke kwa mtu anayejua. Mimi nilifanya kinyume. Nilimwagiza mtoto aijaze. Mahubiri yangu ndiyo yaliyokalia nyimbo za mzee.

Magugu na ngano

Bwana Yesu alitoa mfano wa shamba ambamo adui alipanda magugu usiku (Matayo 13, mstari wa 24 hadi 30). Watumishi walitaka kuyang'oa mara moja. Mwenye shamba aliwakataza, kwa kuwa walikuwa karibu kuiharibu ngano pia. Nimehubiri sehemu hiyo mara nyingi. Siku ile ya Jumamosi nilikuwa mtumishi asiyengoja ruhusa.

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo mnafahamu jambo hili kwa mikono yenu. Mchimbaji akitoa mawe yake shimoni, yamechanganyika na udongo. Je, anatupa saki yote mtoni kwa sababu ya udongo? Hapana. Anaosha, anatazama, anachagua jiwe kwa jiwe. Kile kilicho kijani anaweka upande huu, kisicho na kitu anaweka upande ule. Kazi inachukua wakati, lakini jioni ana kitu cha kupima.

Nilipotulia, niliketi na mwanangu, nikamwomba musamaha kwa kumwaibisha. Ndipo akasema: "Baba, zile video sikuziomba. Nilitoa franka kusudi waniwekee nyimbo, nao wakamwanga dosie nzima. Moja niliiangalia, ni kweli. Zile mbili sikujua hata kama ziko." Kisha akasema neno lililonichoma kuliko yote: "Kama ungeniamusha, ningekuonyesha nyimbo za muzee ziko wapi."

Wazazi, tukumbuke neno hili. Amsha mtoto kwanza.

Mfano wa Likasi

Labda mmoja atasema: Pasta, nyimbo ni nyimbo, zingine zitatungwa. Nimjibu kwa jambo la kwetu. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyeishi Afrika ya Kusini, alipita Katanga na mashini zake za kurekodi. Mjini Jadotville, unaoitwa leo Likasi, alimkuta kijana mpiga gita, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa upande wa Bunkeya. Akarekodi wimbo wake "Masanga". Mwenda alikufa mwaka 1990, lakini wapiga gita wa inchi nyingi wanajifunza hata leo vidole vyake kwa kusikiliza kazi ile.

Ni kwa nini haikupotea? Si kwa sababu mashini ilikuwa nzuri tu. Ni kwa sababu ya utaratibu. Tracey alizoea kuandika juu ya kila wimbo: nani ameimba, wapi, lini, kwa lugha gani, kwa chombo gani. Mwaka 1954 akaanzisha nyumba ya kulinda muziki wa Afrika, na nyumba hiyo ingali inafanya kazi kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, ulioitwa zamani Grahamstown. Nyimbo za mwongozi wetu zilirekodiwa karibu miaka 60 nyuma ya "Masanga", kwa vyombo vyepesi zaidi, na hazikumaliza hata miaka kumi. Utaratibu ndio uliokosekana.

Hata Biblia inatufundisha. Soma 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 25. Waimbaji wa nyumba ya Mungu walihesabiwa, wakawa 288. Wakagawanywa kwa zamu 24, kila zamu watu 12, na jina la mkubwa wa kila zamu likaandikwa. Sisi wengine tunapita sura hiyo haraka, tukiona ni majina tu. Kumbe ni daftari la kwaya!

Namna ya kutunza nyimbo na video za jamaa

Sasa nieleze mambo tuliyojifunza nyumbani kwetu na katika parokia. Si mambo makubwa. Mama wa nyumba anaweza, na mtoto wa darasa la sita anaweza.

1. *Andika daftari.* Chukua kaye ya kawaida ya shule. Kila wimbo wenu wenyewe, kila mahubiri, kila video ya ndoa ao ya ubatizo, andika: jina, nani yumo, wapi, siku gani, iko katika karte gani. Telefone ikiibiwa, daftari litakueleza umepoteza nini na ukitafute kwa nani.

2. *Toa majina yanayosema.* Telefone ikirekodi, inaita kitu kwa herufi na namba zisizo na maana. Ukiacha hivyo, nyuma ya mwaka mmoja utakuwa na vitu 300 visivyojulikana, na siku ya kutafuta nafasi utavifuta ovyo. Andika kwa mfano: 2024 Pasaka Kwaya ya Mama 01. Weka mwaka mbele, na namba 01, 02, 03, si 1, 2, 3. Mashini nyingi zikiona 1, 2 na 10, zinaweka 10 mbele ya 2. Tena ujue kwamba bafle nyingi ndogo hazifuati jina hata kidogo, zinapiga nyimbo kwa namna zilivyoingizwa. Ukitaka ibada iende kwa utaratibu, ingiza wimbo wa kwanza kwanza.

3. *Gawanya kwa dosie.* Sisi tuna tano: Kwaya yetu, Nyimbo za wengine, Mafundisho, Watoto, Sherehe za jamaa. Kitu kipya kikiingia, kinapewa mahali pake siku ileile. Na kitu kisichopata mahali katika dosie hizo, tunaulizana: kwa nini kimeingia nyumbani?

4. *Hesabu nafasi.* Wimbo wa MP3 wa namna ya kawaida unakula karibu mega moja kwa dakika. Wimbo wa dakika nne, mega nne. Basi karte ya giga 8 inaweza kubeba nyimbo zaidi ya 1.500, na hakuna jamaa inayosikiliza nyimbo zote hizo. Kinachomaliza karte ni video. Telefone ya leo ikirekodi kwa picha safi sana inaweza kupita mega 100 kwa dakika moja. Ubatizo wa saa moja unajaza giga sita ao zaidi. Mbele ya kurekodi, punguza ukubwa wa picha katika telefone. Kwa kioo kidogo, macho hayataona tofauti kubwa.

5. *Jua chombo chako kinasoma nini.* Bafle na redio ndogo za soko zinasoma MP3. Sauti zinazotumwa kwa WhatsApp ni za namna nyingine, nyingi za vyombo hivyo hazizifahamu. Ndiyo sababu wimbo unalia katika telefone na katika bafle unanyamaza. Haujaharibika. Mpe kijana mwenye ordinatere augeuze kuwa MP3, na kwa video, MP4. Lakini linda ule wa kwanza. Kila mara unapougeuza wimbo, sauti inapoteza kidogo, kama fotokopi iliyotolewa juu ya fotokopi nyingine. Tena karte za giga 64 na kuendelea huja zimetengenezwa kwa namna ambayo vyombo vingi vya zamani havisomi. Kwa bafle ndogo, karte ya giga 32 ao chini yake inatosha.

6. *Jihadhari na karte za uongo.* Ziko karte zilizoandikwa giga 128 ambazo ndani yake kuna giga nane tu. Zimetengenezwa kusudi zidanganye mashini. Utaingiza nyimbo, majina yote utayaona, lakini zile za mwisho hazitalia, ao zitaharibu za kwanza. Ukinunua karte, ijaze kabisa, kisha sikiliza nyimbo za mwisho, si za kwanza. Usiweke ndani yake ukumbusho wa ndoa yako mbele ya kuijaribu. Na bei ikiwa ndogo mno, jiulize.

7. *Virusi si mwisho wa yote.* Mara nyingi ukitoka na flashi kwa watu, unakuta dosie zako zimegeuka vitu vidogo vidogo ambavyo havifunguki. Wengi wanalia, kisha wanaformata. Usiformate! Ugonjwa huu kwa kawaida unaficha vitu vyako, hauvifuti. Mwenye kujua anaweza kuua virusi na kuvifunua tena. Kwa kuzuia, usipeleke kila mahali flashi ya kulinda. Peleka ile ya kutumika tu.

8. *Using'oe karte ikingali inafanya kazi.* Funga muziki, zima chombo, kisha toa. Kama umeme unakatika-katika kwenu, usihamishe vitu vingi kwa ordinatere isiyo na batri, kwa sababu kuzima katikati ya kuandika kunaweza kuharibu hata vile vilivyokuwa salama. Na vumbi letu jekundu mnalijua. Karte iliyolala mfukoni mwa suruali ya kazi haitaishi muda mrefu. Tafuta kakopo kadogo kenye kifuniko, kama kale ka dawa, kakiwa kakavu.

9. *Weka mahali patatu.* Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonishinda. Kile usichotaka kukipoteza kiwe katika karte ya kila siku, katika flashi iliyo kabatini, na katika flashi nyingine iliyo katika nyumba nyingine, kwa shangazi ao kwa mwandishi wa parokia. Mwizi akiingia kwako, ao moto, kule hakuguswa. Mara moja kwa mwaka, toeni zote tatu, sikilizeni, na nakili upya. Sisi tumechagua juma la mbele ya Noeli. Flashi na karte hazikutengenezwa kulala miaka mingi bila kuguswa. Zinasahau polepole, kama wazee.

Neno kwa vijana

Wapenzi vijana, nina maneno matatu kwenu, na nitayasema kwa ufupi.

La kwanza, juu ya mnachonunua. Unapotoa franka zako na kusema "nijazie", hujui unabeba nini nyumbani. Omba nyimbo kwa majina. Simama pale, tazama anachoingiza. Ukifika nyumbani, pitia kitu kwa kitu siku ileile, na kibaya ukifute kile chenyewe, usingoje baba akikute. Kama kuna kitu kinachokushinda kufuta kwa sababu moyo umeanza kukipenda, mwite mtu mmoja unayemwamini, mwambie. Aibu ya dakika kumi ni nyepesi kuliko kifungo cha miaka kumi.

La pili, juu ya jasho la watu. Mwimbaji wa kwaya aliyelipa studio, akalipa wapiga gita, akauza kidogo kidogo mlangoni mwa kanisa, naye ana watoto. Wewe ukinakili kazi yake kwa watu 50, umemnyang'anya, hata kama wimbo ni wa Mungu. Tangu mwaka 1986 inchi yetu ina sheria inayolinda kazi ya watungaji, na Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi apate malipo yake (Luka 10, mstari wa 7). Nunua kwake, ao muulize ruhusa. Wengi watafurahi kukupa.

La tatu, juu ya masikio. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba sauti ya desibeli 80 isipite saa 40 kwa juma, na sauti ikipanda, saa zipungue sana. Kama jirani yako anasikia kinacholia katika vinasa-sauti vyako vya masikioni, umepita mpaka. Na ukiwa katika barabara yenye malori ya mawe, vitoe kabisa. Wimbo utakungojea. Lori haliwezi kungoja.

Kitabu kilichochomwa

Nimalize kwa Yeremia, sura ya 36. Nabii alisema, Baruku akaandika katika kitabu cha kukunja. Kitabu kikasomwa mbele ya mfalme Yoyakimu, wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Mfalme akakikata kipande kwa kipande na kukitupa motoni mpaka kikaisha chote. Kilikuwa ni kazi ya siku nyingi. Bwana akamwagiza Yeremia achukue kitabu kingine. Baruku akaandika tena maneno yote, na mengine ya kufanana nayo yakaongezwa.

Tunafurahi kusoma hivyo. Lakini tazama kitu kimoja: Yeremia alikuwa angali hai. Kinywa kilichosema mara ya kwanza kiliweza kusema mara ya pili. Mwongozi wetu wa kwaya hakuweza.

Ndugu msomaji, katika jamaa yako kuna mtu ambaye angali hai. Labda ni bibi mzee anayejua nyimbo za zamani za misioni. Labda ni baba anayeweza kueleza namna jamaa yenu ilivyofika mgodini, kutoka kijiji gani, kwa njia gani. Telefone iko mkononi mwako. Mwezi huu, nenda kaketi naye, ufunge mlango, urekodi dakika kumi. Toa jina. Andika katika daftari. Weka mahali patatu.

Mwana wetu yule, leo ni kijana mkubwa, ndiye mlinzi wa nyimbo za parokia yetu. Mimi sina ruhusa tena ya kufuta kitu peke yangu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mama mjane anapita kwake na bafle yake ndogo, naye anamwekea nyimbo zile 17. Mara moja nilimuuliza mama kama hachoki kuzisikia. Akanijibu: "Sichoke, Pasta. Ninahesabu zile hazipo."

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani kilichorekodiwa ambacho tukikipoteza hatuwezi kukipata tena? Kiko mahali pangapi?
2. Wazazi: mara ya mwisho tuliyokuta kitu kibaya kwa mtoto, tulimwamsha, ao tuliformata?
3. Vijana: kuna kitu katika karte yangu ambacho singependa mama asikie? Nitakifanya nini, na lini?
4. Ni mzee gani tutakayemtembelea mwezi huu na telefone?

*Maombi.* Baba wa mbinguni, asante kwa sauti ulizotupa. Tufundishe kuzilinda. Tusamehe hasira ambazo tuliziita utakatifu. Utupe uvumilivu wa kuchagua, na upendo wa kuamsha wale tunaotaka kuwahukumu. Katika jina la Yesu, Amina.

Tukutane mwezi ujao, Bwana akipenda.